Mbegu ya Kupokea na Mbegu ya Kuficha

Asubuhi karakana yetu hunukia gesi na sabuni. Mimi ni fundi wa friji. Friji ikishindwa kugandisha, napaka povu la sabuni kwenye bomba lake la shaba. Penye tundu, povu linachemka. Hapo ndipo inapovuja. Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa na nywele kichwani. Watu wananiita Mzee Barafu.

Shuleni sikufika mbali. Waliofika mbali ndio wanaotuongoza, na mnaona wenyewe walikotufikisha.

Karakana ina meza mbili. Moja ni yangu. Ya pili ni ya binti yangu na mwenzake, fundi wa redio, mrefu na mwembamba. Tunamwita Antena. Hao wawili wanalehemu vitu vidogo kama punje za mchele. Mimi nikitazama, macho yanalia.

Wametengeneza kidude kidogo kama kiberiti. Kinakaa ndani ya friji ya dawa, kwenye zahanati. Kila saa kinapima ubaridi. Kisha kinatuma kipimo chenyewe, kwa njia ya simu, bila kumsubiri mtu.

Kwa nini kidude hicho? Nitasema mara moja tu. Mke wangu alichomwa sindano ya dawa iliyoharibika kwa joto. Kitabu cha friji, kile cha kuandikia vipimo, kilisema ubaridi ulikuwa sawa. Nilikiona kitabu hicho. Mwezi mzima ulijazwa kwa kalamu moja, kwa mkupuo mmoja, bila hata doa la jasho. Mimi niliigusa friji yenyewe kwa mkono huu. Ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Wakubwa waliamini kitabu. Mimi nikazika.

Basi siku moja binti yangu akaingia anakimbia.

"Baba, tumepata! Tumepata mbegu!"

"Mbegu ya nini? Tumeanza kulima lini?"

"Pesa za mbegu, baba! Za kuanzisha mradi. Kuna mtandao mpya wa blokcheni. Tuliomba, wametukubali."

Nikaweka brashi chini. "Wanaogawa pesa bure ninawajua. Huja wakati wa kura, na fulana juu."

Aliyejibu ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Anakaa nyumba ya pili. Kazi yake ni kufundisha vikundi vya kina mama kuweka akiba na kutumia pesa za simu. Mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Shemeji, hizo ndevu ni zako au umeziazima?"

"Nimeziazima kwa babu yako. Kesho narudisha."

"Mrudishie na ubishi wake." Akaketi juu ya kreti. "Haya, uliza. Najua unawaka."

"Blokcheni ndiyo nini?"

"Ukimwazima jirani sufuria mbele ya shahidi mmoja, jirani anaweza kumhonga shahidi. Sivyo?"

"Wapo hapa hapa mtaani."

"Ukimwazima mbele ya watu wa harusi nzima?"

"Atamhonga nani, amwache nani?"

"Basi blokcheni ni harusi nzima. Ni kompyuta nyingi za watu wengi, mahali pengi. Kila moja ina nakala ya kilichoandikwa. Mtu akitaka kugeuza maneno ya jana, zile nyingine zinamkana."

Nikafikiri. "Na uongo ukiandikwa tangu mwanzo?"

"Hapo umeuliza kama mtu mzima. Uongo ukiingia, unabaki uongo, tena haufutiki. Ndiyo maana kidude kinapima chenyewe na kuandika humo chenyewe. Hatumwachii mtu kalamu."

Hilo lilinigusa. Lakini pesa bado zilinikera. "Nani atoe pesa bila faida?"

"Faida ipo," alisema binti yangu. "Mtandao wao ni mpya, baba. Ni kama soko jipya. Vibanda vipo, wauzaji hakuna. Mnunuzi atakuja kununua upepo? Kwa hiyo wenye soko wanawasaidia wauzaji wa kwanza. Wanatafuta miradi michanga, wanaipa pesa za kuanzia."

"Mkopo huo."

"Si mkopo. Wala si bahati nasibu. Tumeeleza kazi yetu, tukawaonyesha kidude kikifanya kazi. Na hawakudai ada yoyote."

"Hilo lishike," shemeji akadakia. "Mtu akisema 'lipa kwanza ndipo nikupe msaada', huyo kimbia. Usiangalie nyuma, utajikwaa."

"Na wanatoa zote kwa pamoja?"

"Wewe mteja akikuletea friji, unamdai nini kwanza?" aliuliza shemeji.

"Pesa ya kompresa. Ya ufundi nalipwa ikigandisha."

"Nao ni hivyo hivyo. Awamu ya kwanza ni ya vifaa. Awamu ya pili inatoka wakiona kidude kinafanya kazi zahanati. Kisipofanya kazi, hakuna awamu."

Nilicheka. Mara ya kwanza nasikia wenye pesa wana akili ya fundi.

Antena akainua kichwa. "Tena, mzee, pesa zinakuja kama sarafu ya mtandao. Bei yake inapanda na kushuka kama ndoo kisimani. Kwa hiyo za vifaa tunazibadilisha mapema. Na pesa za chakula cha nyumbani haziingii humo kabisa."

"Antena leo umeshika stesheni," nikasema. Wote tukacheka.

Awamu ya kwanza ikafika. Iliingia kwenye pochi. Pochi hiyo haina ngozi wala zipu. Iko ndani ya simu ya binti yangu. Akapanga safari na Antena kwenda mjini kufuata vifaa. Sehemu ya pesa wakaibadilisha. Nyingine ikabaki kwenye pochi.

Asubuhi ya safari, gari lilikuwa nje linapiga honi. Binti yangu akanipa kikaratasi.

"Baba, hii ni mbegu. Itunze. Mtu yeyote asiione."

"Mbegu ile ile?"

"Ndiyo, ya pesa zetu!" alijibu akiwa tayari ana mguu mmoja garini.

Wakaondoka. Nikafungua kikaratasi. Kilikuwa na maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Kiingereza changu kinaishia kwenye kompresa. Nikakikunja, nikakitia mfuko wa shati.

Mchana simu ya karakana ikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naongea na mzazi wa mradi wa friji za dawa?"

Nilijua namba yetu imetangazwa kwenye ukurasa wa mradi, kila mtu anaiona. Sikushtuka. "Ndiye mimi."

"Mimi ni afisa wa mfuko wa miradi michanga. Mzee, kuna hatari. Wakubwa wameamua kuufungia mtandao wetu. Jioni hii. Pesa zote zilizomo watazichukua wao."

Damu ikanipanda. "Nilijua! Nilisema mimi! Hawawezi kuona mtoto wa maskini ana kitu."

"Umeona, mzee? Ndiyo tabia yao."

"Tangu zamani!"

"Sasa tuiokoe mbegu kabla hawajaifikia. Tuihamishe kwenye mfuko salama. Mbegu unayo?"

Nikapapasa mfuko wa shati. Nikawaza: aliyetoa mbegu anaulizia mbegu yake. Kosa liko wapi?

"Ninayo."

"Nisomee maneno, moja baada ya jingine."

"Ni Kiingereza, kijana wangu. Nitakutajia herufi."

"Sawa, taja."

Nikavaa miwani. Herufi ninazozijua nikazitaja upesi. Nyingine nikazieleza kama zilivyo. Neno la kwanza likapita, la pili, la tatu, la nne. La tano likanikwamisha.

"Linaanza na duara lenye mkia," nikasema.

"Mkia uko upande gani?"

"Chini."

"Chini kulia au chini kushoto?"

"Ngoja. Binti yangu anaandika kama kuku anayeparua."

"Mzee, fanya haraka! Wakubwa wanakuja!"

"Tulia. Wakubwa hawajawahi kufika popote kwa wakati."

Hapo shemeji akaingia na bakuli kuomba barafu. Akanikuta na miwani puani, kikaratasi mkononi, simu sikioni.

"Nani huyo?" alinong'ona.

"Afisa. Anaokoa mbegu."

Bakuli likaanguka. Akaninyang'anya simu.

"Haloo, afisa! Jina lako nani? Ofisi yako iko wapi?"

Niliisikia sauti ya yule mtu, imebadilika. Shikamoo imekwisha. "Mama, usiingilie. Mtapoteza pesa zenu."

"Zikipotea, zitakuwa zimepotelea nyumbani kwetu!" Akakata simu. Akanigeukia. "Umemsomea mangapi?"

"Manne. La tano nilikuwa kwenye mkia."

Akaketi sakafuni. Sikujua kama analia au anacheka. Nafikiri ilikuwa yote mawili.

"Mungu ametuokoa na mwandiko mbaya," alisema.

Akampigia binti yangu pale pale. Akamwambia: "Fungua pochi mpya. Hamisha pesa zote sasa hivi. Usiulize, nitakueleza." Tukasubiri. Hizo zilikuwa pesa za vidude. Zikienda, awamu ya kwanza imekufa, na ya pili haizaliwi. Kisha simu ikalia. Binti yangu alisema pesa zimehamia pochi mpya, zote. Nikavua miwani nikafuta uso.

"Shemeji," nikasema, "nieleze taratibu. Mimi nilimpa mwenye mbegu mbegu yake."

"Neno ni moja, vitu ni viwili. Mbegu ya kwanza ni pesa za kuanzia. Hiyo unaipokea. Mbegu ya pili ni maneno kumi na mawili ya siri. Hayo ndiyo yanafungua pochi. Mtu akiyajua yote kwa mpangilio wake, pochi ni yake. Anaweza kukaa nchi nyingine na kuikomba mpaka uzi. Hakuna benki ya kuililia."

"Lakini manne tu alipata."

"Manne yametosha kutuhamisha. Kufuli ambalo mwizi ameshika kipande cha ufunguo wake, wewe ungelala?"

"Sasa mfadhili anayetaka kututumia pesa anahitaji nini?"

"Anwani ya pochi tu. Hiyo mpe hata adui yako, labda atakutumia. Ni kama namba yako ya kupokea pesa. Lakini maneno ya siri, mfadhili wa kweli haulizi. Afisa wa kweli haulizi. Hata mimi nikiuliza, nifukuze na bakuli langu."

"Alisema wakubwa wanafungia mtandao. Ningekaaje kimya?"

Shemeji akanitazama kwa huruma, jambo ambalo hafanyi mara nyingi. "Mwizi wa kuku huja na mtama. Kwa mwenye tamaa anamwaga mtama wa tamaa: 'leta kidogo nikupe kikubwa.' Kwako amemwaga hasira. Nchi hii, mtu akisema wakubwa wanaiba, nani atakataa? Ukisikia 'haraka' na ukisikia damu inapanda, weka simu chini. Mpigie mwenye mradi kwa namba unayoijua wewe."

Niliokota bakuli lake. Nikalijaza barafu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoiweza.

Binti yangu na Antena waliporudi, tuliketi wote karakana. Binti yangu alipiga magoti kunisalimu kisha hakunyanyuka upesi.

"Baba, kosa ni langu. Nilikupa kitu kikali bila kukueleza. Vitu viwili nikaviita jina moja."

"Kosa ni la aliyeyatunga majina hayo," nikasema. "Nina hakika ni mkubwa fulani."

Siku ile tulibadilisha taratibu. Pochi mpya ina funguo tatu. Mmoja anao binti yangu, mwingine Antena, mwingine shemeji. Pesa haitoki mpaka wawili wakubali. Mmoja akidanganywa, yuko wa pili wa kuuliza, "Umelogwa?" Maneno ya siri ya kila ufunguo yameandikwa kwa mkono, nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Hayapigwi picha. Hayawekwi kwenye simu.

"Na tusiyaite mbegu tena," nikasema.

"Tuyaite chupi," shemeji akasema. "Hata umpende mtu vipi, humwazimi wala humwonyeshi barabarani."

Antena alikohoa mpaka akatoka nje. Lakini jina limebaki. Mpaka leo hakuna mtu wa nyumba hii anayesahau maana yake.

Vidude vikakamilika. Cha kwanza tulikiweka zahanati ya mtaa wetu, kwenye friji ya dawa. Mtu yeyote mwenye simu aliweza kusoma kipimo. Wafadhili nao walikuwa wakisoma, maana wiki ile ndiyo waliyopanga kuamua kuhusu awamu ya pili.

Jumatatu asubuhi gari lilisimama nje. Akashuka afisa wa vifaa vya zahanati, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Aliingia karakana bila kubisha.

"Kidude chenu kinasema friji ilikufa Jumamosi jioni."

"Kinasema kilichopima," nikajibu.

"Kitabu chetu kinasema nyuzi nne mpaka leo asubuhi."

"Kitabu chenu kina kalamu nzuri, mheshimiwa."

Hakupenda. Akamgeukia binti yangu. "Futeni hicho cha Jumamosi. Ni kwa faida yenu pia. Wafadhili wenu wakiona friji imekufa, si watasema mradi umeshindwa?"

Binti yangu alitazama meza yake. Miezi ya kazi ilikuwa mezani pale. Niliogopa kidogo. Kisha akasema kwa adabu:

"Hakifutiki, mheshimiwa. Sisi hatuwezi. Hata waliotupa pesa hawawezi. Nakala ziko kila mahali."

"Kila kitu kinafutika."

"Hiki hapana. Lakini kipimo kipya kinaandikwa chini ya cha zamani. Watu watasoma vyote viwili: friji ilikufa lini, na nyinyi mliitengeneza lini."

Yule bwana alivuta kola yake. Akatazama dari. Mimi nimeishi miaka mingi, na wakubwa wamenipa amri nyingi. Lakini alichosema sasa sikuwahi kukisikia kutoka kinywa cha mkubwa.

"Sasa tufanye nini?"

"Kwanza dawa zilizopata joto zitengwe," alisema binti yangu. "Zisitumike mpaka wataalamu wa dawa waseme. Halafu friji itengenezwe leo."

Akanitazama mimi. "Mzee, unaweza kuja sasa hivi?"

"Naweza. Lete gari karibu, sanduku la vyuma ni zito."

Na alilibeba yeye, na kola yake.

Friji haikuwa na ugonjwa mkubwa. Kidhibiti joto kilikuwa kimeungua. Nikaweka kipya. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshazitoa dawa za zamani, amezitia boksi na kuandika kwa herufi kubwa: ZISITUMIKE. Maandishi yale niliyasoma mwenyewe, bila miwani.

Kesho yake tulirudi sote kuikagua friji. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na watoto wao, wanasubiri sindano. Boksi la dawa mpya lilikuwa limefika ndani ya kasha la barafu, linasubiri friji ikaguliwe. Simu ya binti yangu ikatoa mlio. Akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti:

"'Tumeona kipimo cha Jumamosi. Tumeona na cha jana. Kidude kilisema ukweli ambao kitabu kiliuficha. Hicho ndicho tulichotaka kuona. Awamu ya pili imekubaliwa.'"

Antena aliruka, kichwa kikagonga taa. Shemeji alipiga kigelegele. Mimi nilimkumbatia binti yangu, na sikusema neno baya juu ya mkubwa yeyote, kwa muda kidogo. Zahanati nyingine tano zingepata kidude kwa pesa hizo.

Antena akafungua mlango wa friji ili tuone namba kwa macho yetu.

Muuguzi akampiga kofi mkononi. "We! Funga hiyo! Shangilieni nje. Mnaniachia joto ndani."

Tukafunga. Tukasubiri kimya kama watoto wa darasa la kwanza. Muuguzi akasoma kwenye simu yake, akakubali kwa kichwa, akafungua dirisha la mapokezi.

"Nyuzi nne," alisema. "Leteni dawa. Nani wa kwanza?"